Mlinzi Aliyenyang'anywa Funguo: Abaki Kazini au Aondoke?



Ndugu msomaji, katika darasa la fiqhi tunasoma sana habari za amana. Mali ya yatima, waqfu wa msikiti, mzigo ambao msafiri ameuacha kwa jirani, yote hayo yana milango yake vitabuni na hukumu zake zinajulikana. Lakini iko amana moja ya zama hizi ambayo wanazuoni wa zamani hawakuiwekea mlango kwa kuwa haikuwapo. Mtu anabisha hodi akiwa na dodoso mkononi, anakaribishwa, anauliza: unaridhika na kazi ya rais? Unaunga mkono vita hivi? Maisha yako ni bora kuliko mwaka jana? Mwenye nyumba anajibu, na anajibu kwa masharti mawili: jina lake lisitajwe, na jibu lake lisibadilishwe.

Swali langu linamhusu yule anayeipokea amana hiyo. Wenye mamlaka wakiingia kati, wakataka wao ndio waamue maswali gani yaulizwe na majibu gani yatoke hadharani, mtafiti afanye nini? Avumilie abaki ili apunguze madhara, au aandike barua ya kujiuzulu? Wengi wetu hujibu haraka kwamba ajiuzulu, kwa sababu kujiuzulu kwa mwenzako hakukugharimu kitu. Mimi naona jambo si jepesi hivyo, na naomba tulipitie kwa kisa cha kweli badala ya kubishana hewani.

Kisa chenyewe ni cha Urusi. Yuri Levada alizaliwa mwaka 1930, akawa msomi wa sosiolojia katika nchi ambayo somo hilo lilitazamwa kwa jicho la shaka. Si ajabu. Chama kilikuwa tayari kinajua watu wanafikiri nini, na anayetoka kwenda kuwauliza alikuwa kama anayekitilia shaka Chama. Levada alifundisha Chuo Kikuu cha Moscow, na mwaka 1969 alishambuliwa kwa yale aliyoyasema katika mihadhara yake, akapoteza nafasi ya kufundisha. Alikaa pembeni kwa miaka mingi. Mwaka 1987, zama za Gorbachev, kikaundwa kituo cha utafiti wa maoni ya umma kinachojulikana kwa kifupi cha Kirusi kama VTsIOM, kikiongozwa na mwanamama msomi, Tatyana Zaslavskaya. Levada akajiunga nacho, na mwaka 1992 akawa mkurugenzi wake.

Kwa zaidi ya miaka kumi kituo kile kiliwauliza Warusi juu ya bei, mishahara, viongozi, na vita vya Chechnya. Majibu kuhusu Chechnya hayakuwafurahisha wakubwa, kwani kadiri vita vilivyoendelea ndivyo watu wengi zaidi walivyosema wanataka mazungumzo. Tusilipite hili harakaharaka. Wachechnya waliokuwa wakiuawa na kuhamishwa makwao ni Waislamu, na mtu aliyekuwa akiandika kwa uaminifu kwamba raia wa kawaida wa Urusi wamechoka na vita hivyo hakuwa Mwislamu. Alikuwa amebeba ushahidi wa watu ambao hawakuwa na njia nyingine ya kuusema, na faida ya ushahidi huo ilitufikia hata sisi tulio mbali.

Kisheria kituo kilikuwa mali ya serikali. Mwaka 2003, miezi michache kabla ya uchaguzi wa bunge wa Desemba na ule wa rais wa Machi 2004, wizara inayosimamia mali za serikali iliamua kukigeuza kuwa kampuni ya hisa, hisa zote zikiwa za serikali, na kukiwekea bodi ya wakurugenzi iliyojaa maofisa. Levada na wenzake hawakuwa na kiti humo. Septemba akaondoka, na kijana aitwaye Valery Fedorov akawekwa mahali pake. Watafiti karibu wote wakamfuata Levada nje. Wakaanzisha kituo kingine, kwanza kwa jina lililokaribiana na lile la zamani, kisha mwaka 2004, baada ya mvutano juu ya jina hilo, kikaitwa Kituo cha Levada.

Hapa ndipo penye mjadala. Amri ile haikutaja asilimia hata moja. Haikusema andika 60 mahali pa 40. Ilikuwa karatasi ya umiliki, yenye muundo, hisa na bodi, mambo ambayo mtu angeyasoma akasinzia. Levada angeweza kujiambia: nitabaki, na siku watakaponitaka niseme uongo nitakataa. Hoja hiyo ni nzuri, na inasemwa kila siku na watu wema. Kwa hiyo tuulize kwa uadilifu: mtu anayejiuzulu kabla hajaamrishwa dhambi yoyote, je, si amewadhania wenzake vibaya? Na je, hakuacha kituo na jina lake zuri mikononi mwa wale wale aliowaogopa?

Wanaotetea kubaki wana dalili nzito kuliko tunavyofikiri. Wa kwanza wao kumtaja ni Nabii Yusuf (a.s.). Katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake, anamwomba mfalme wa Misri ampe usimamizi wa hazina za nchi. Mfalme hakuwa katika dini ya Yusuf, sheria za nchi hazikuwa sheria za Yusuf, na gereza alilotoka lilikuwa gereza la utawala uleule. Hata hivyo aliomba kazi, tena kazi kubwa, na kwa kazi ile watu waliokoka na njaa. Wanazuoni waliojadili kufanya kazi chini ya mtawala asiye mwadilifu wameitegemea sana aya hii. Kisha wanamtaja Abu Yusuf. Mwalimu wake, Imam Abu Hanifa (r.a.), aliukataa ukadhi alioitiwa na khalifa al-Mansur, akafungwa, na akafariki Baghdad mwaka 150 Hijria. Mwanafunzi akaja akaukubali ukadhi mkuu zama za Harun ar-Rashid, na madhehebu ya mwalimu yakaenea kwa sehemu kubwa kupitia cheo hicho. Hatujasikia umma ukimlaani mmoja wao. Tunawasomea wote wawili rehema.

Basi ubishi hauwezi kumalizwa kwa kusema kwamba mwenye msimamo huondoka na mwoga hubaki. Abu Yusuf hakuwa mwoga, na mtu anaweza kuondoka kwa hasira zake tu au kwa kupenda kusifiwa.

Lakini irudie aya ya Yusuf uitazame vizuri. Hakuomba kwa kusema mimi ni mtu mwema, wala kwa kutaja nasaba yake ya manabii. Alitaja sifa mbili, kwamba yeye ni mlinzi na ni mjuzi. Walimu wetu hupenda kueleza sifa ya pili, kwa kuwa ni sifa yao, na kila mahafali tunasikia hotuba ya elimu. Ile ya kwanza tunaipita. Ulinzi maana yake ni kwamba funguo ziko kwako. Ghala likifunguliwa umelifungua wewe, na nafaka ikitoka unajua imekwenda wapi. Yusuf aliomba kazi ambayo ndani yake angeweza kulinda, na mfalme akampa uwezo huo kwa ukamilifu. Sijaona katika sura nzima mahali ambapo mfalme anampelekea kamati ya kumwambia vibaba vingapi aviandike.

Kwa mizani hiyo, kisa cha Moscow kinasomeka vingine. Baada ya amri ile, Levada alibaki na ujuzi wake wote. Alijua kutunga swali, alijua kuchagua watu kwa nasibu ili elfu moja na mia sita wasimame mahali pa taifa zima, kama mpishi anavyoonja kijiko kimoja baada ya kuukoroga mchuzi hadi chini. Kilichoondolewa ni ulinzi. Neno la mwisho juu ya nini kiulizwe, lini kiulizwe na nini kichapishwe lilihamia kwa bodi. Angebaki, angebaki kama mjuzi asiye mlinzi, na jina lake, ambalo watu waliliamini kwa sababu ya miaka ile, lingeendelea kugongwa kama muhuri juu ya mizigo ambayo hakuikagua. Huyo si mfano wa Yusuf tena. Ni mfano wa mtu aliyekabidhiwa ghala, akanyang'anywa funguo, kisha akaombwa aendelee kukaa mlangoni ili wanunuzi wasishtuke.

Mtu atasema hii ni dhana tu, kwa kuwa hatujui bodi ingefanya nini. Kwa bahati tunajua kidogo, kwa sababu VTsIOM bado ipo na inaendelea na kazi. Mei 2019 ilichapisha matokeo ya swali lake la kawaida la wazi, ambalo humtaka mhojiwa ataje mwenyewe wanasiasa anaowaamini. Putin alitajwa na asilimia 31.7. Ikulu ya Kremlin haikufurahi, na msemaji wake, Dmitry Peskov, akasema hadharani kwamba wangependa kupata ufafanuzi wa wataalamu. Haikupita hata siku mbili, kituo kikatoa matokeo ya swali jingine, linalotaja jina moja kwa moja: je, unamwamini Putin au humwamini? Safari hii ikawa asilimia 72.3.

Sidai kwamba kuna aliyepika namba. Mtu ambaye hakumkumbuka Putin alipoulizwa kwa jumla anaweza kusema ndiyo akitajiwa jina lake, na wasomi wa fani wanaweza kutetea kila swali kwa nafasi yake. Yote mawili yanaweza kuwa kweli. Ila swali halikubadilika kwa sababu ya elimu, lilibadilika baada ya ikulu kukunja uso. Na aliyesoma mustalah ya hadithi haoni ajabu hapa. Tunafundishwa kuhusu tadlis, mpokezi anaposimulia kwa maneno ambayo hayana uongo wa wazi lakini yanamfanya msikilizaji adhani kitu kingine. Wanazuoni wa hadithi hawakuridhika na mpokezi kwa sababu tu hakusema uongo. Walitaka kujua alikuwa na nani na nani alikuwa na nguvu juu yake.

Kwa hiyo sioni kwamba Levada aliharakisha. Asingelazimika kungoja hadi apewe namba ya uongo aandike, kwa sababu uongo wa kazi hii mara chache huja kwa sura ya namba. Huja kwa swali lililopinda, au kwa utafiti ulioahirishwa hadi uchaguzi upite. Wakati mwingine ni jedwali tu lililobaki kwenye droo. Mtu asiye na mamlaka juu ya swali, wakati na droo anaweza kumaliza miaka kumi kazini bila kuandika uongo hata mmoja, na bado akawa amewadanganya watu miaka kumi.

Hata hivyo naogopa tusije tukafanya kuondoka kuwa ndiyo fatwa pekee. Mwaka 2000 huko Hong Kong, Robert Chung, aliyekuwa akiendesha utafiti wa maoni katika Chuo Kikuu cha Hong Kong, aliandika gazetini kwamba ameshinikizwa aache kupima umaarufu wa mtawala wa jimbo, Tung Chee-hwa. Hakujiuzulu. Alisema wazi, na alipoombwa ataje njia ambayo shinikizo lilipitia, akawataja wakuu wa chuo chake mwenyewe. Chuo kikaunda jopo la uchunguzi lililoongozwa na jaji mstaafu, vikao vikafanyika hadharani, jopo likaona Chung anasema kweli, na Septemba mwaka huohuo makamu mkuu wa chuo, Cheng Yiu-chung, na msaidizi wake, Wong Siu-lun, ndio waliojiuzulu. Mtafiti akabaki na maswali yake kwa karibu miaka ishirini mingine.

Ningependa kila kisa kiishe hivyo. Lakini angalia kilichomwezesha Chung kubaki. Alikuwa na gazeti lililothubutu kumchapisha, na jopo lililoweza kumuuliza mkuu wa chuo maswali magumu mbele ya watu. Yaani funguo zilijaribiwa kuchukuliwa, na palikuwa na mlango wa kushtakia. Hong Kong ya miaka ya karibuni si ile tena, na sidhani kama barua ya aina ile ingepata mwisho ule. Mwenye mlango wa kushtakia asikimbilie kujiuzulu. Akijiuzulu kabla hajautumia ameacha silaha aliyopewa na Allah (s.w.).

Kisa cha tatu nakileta kwa sababu kinagusa jambo ambalo visa viwili vya kwanza havikuligusa, nalo ni ukimya. Hiki si cha utafiti wa maoni bali cha sensa, ingawa jirani yake ni mmoja. Kanada walikuwa na dodoso refu la sensa ambalo aliyepelekewa alilazimika kisheria kulijaza. Mwaka 2010 serikali ikaamua kwamba kwa sensa ya 2011 liwe la hiari. Mtakwimu mkuu wa nchi wakati huo alikuwa Munir Sheikh. Waziri alipoulizwa, alizungumza kwa namna iliyowafanya watu waelewe kwamba ofisi ya takwimu imeridhia. Sheikh alikuwa amefungwa na kanuni, kwani ushauri ambao mtumishi anampa waziri ni siri na haruhusiwi kuutangaza. Akinyamaza, ukimya wake unasomwa kuwa ni ndiyo. Akisema, amevunja ahadi ya kazi. Julai 2010 akaandika barua fupi, akasema kwamba juu ya ushauri aliompa waziri hawezi kusema kitu, ila kama suali la kitaalamu, utafiti wa hiari hauwezi kushika nafasi ya sensa ya lazima, na hivyo anajiuzulu.

Ni barua ambayo ningependa ifundishwe katika somo letu la akhlaqi. Hakutukana mtu wala hakutoa siri, na bado ushahidi aliutoa. Allah (s.w.) katika aya ya 283 ya Suratul Baqara ametukataza kuficha ushahidi, na akaihusisha dhambi ya mfichaji na moyo wake. Kuna nyakati ambapo mtu akiwa ndani ya kiti chake hana namna ya kutoa ushahidi isipokuwa kwa kusimama kutoka kwenye kiti hicho. Utafiti wa hiari ulifanyika, kiwango cha waliojibu kati ya waliopelekewa kikashuka, na takwimu za sehemu nyingi ndogo hazikuchapishwa kwa sababu hazikuaminika. Serikali iliyoingia mwishoni mwa 2015 ililirudisha dodoso la lazima.

Wako watakaosema haya ni ya Wazungu na Wachina. Hapana. Iran, mwaka 2002, ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba karibu robo tatu ya waliohojiwa walitaka mazungumzo na Marekani. Watafiti wakakamatwa, akiwemo Abbas Abdi, ambaye mwaka 1979 alikuwa miongoni mwa wanafunzi walioongoza kuuteka ubalozi wa Marekani mjini Tehran. Mwanamapinduzi yule akafungwa kwa sababu ya kuhesabu majibu ya watu. Tena wakamataji hawakuwa maadui wa dini kwa maneno yao. Walikuwa wakisema wanailinda.

Na karibu zaidi, jirani zetu Tanzania. Shirika la Twaweza lina utaratibu wa kuwapigia simu wananchi waliochaguliwa kwa nasibu, uitwao Sauti za Wananchi. Kwa utafiti wao, waliokubali utendaji wa Rais Magufuli (Mungu amrehemu) walikuwa asilimia 96 mwaka 2016, 71 mwaka 2017, na 55 mwaka 2018. Walipochapisha namba ya mwisho, tume ya sayansi na teknolojia ya nchi iliwaandikia barua ikidai utafiti huo haukuwa na kibali na wajieleze kwa nini wasichukuliwe hatua. Muda mfupi baadaye pasi ya kusafiria ya mkurugenzi wao, Aidan Eyakuze, ikachukuliwa na idara ya uhamiaji kwa maelezo kwamba uraia wake unachunguzwa. Mwaka huohuo sheria ya takwimu ikarekebishwa kwa namna iliyofanya kupingana na takwimu rasmi kuwa jambo la hatari, na mwaka 2019 ikalegezwa tena baada ya malalamiko. Nakumbusha kwamba asilimia 96 haikuombewa kibali na mtu. Kioo hakikulaumiwa siku uso ulipopendeza.

Kuna pingamizi moja ya kidini ambayo huwa naisikia tukibarizi baada ya Ijumaa, na haistahili kudharauliwa. Inasema hivi: kiongozi hunasihiwa kwa siri, si kwa kutangaza asilimia zake sokoni, na kutangaza ni kufungua mlango wa fitna. Wanaosema hivyo wanategemea mafundisho ya kweli juu ya adabu ya nasaha. Mimi nawajibu kwamba utafiti wa maoni si nasaha. Anayenasihi anasema fanya hivi, acha hivi. Mtafiti anasema watu fulani, idadi yao kadhaa, wamejibu hivi. Ni ushahidi, na ushahidi una hukumu zake, ya kwanza ikiwa usiongeze wala usipunguze. Tena sisi Waislamu ndio tunaopaswa kuogopa asilimia kidogo kuliko wengine, kwa sababu hatuamini kwamba wingi ndio haki. Qur'ani yenyewe inatuonya kwamba kuwafuata walio wengi duniani kunaweza kumpoteza mtu. Watu asilimia 90 wakisema jambo, bado linapimwa. Lakini ili lipimwe lazima kwanza lijulikane kama lilivyosemwa. Kiongozi anayevunja kioo hajaizuia fitna. Atashtukizwa nayo usiku, wala hatajua imetokea wapi.

Sasa niseme lile linalonisumbua zaidi, ambalo wasifiaji wa kujiuzulu hawalisemi. Levada alikuwa mzee mwenye jina. Angeondoka peke yake angepata pa kukaa, na dunia ingemwandikia makala. Je, yule karani wa kuingiza majibu kwenye kompyuta? Yule mama wa mkoani aliyekuwa akizunguka na dodoso kwenye theluji, mwenye watoto wa shule? Wao hawakuwa na jina la kuwapokea mlango wa pili. Kumtaka mtu wa namna hiyo ajiuzulu kwa kiwango kilekile cha mkurugenzi ni kumtwisha mzigo wa mwingine. Fiqhi yetu inajua kutofautisha. Anayeweza kuzuia kwa mkono wake si sawa na anayeweza kwa moyo tu, na mwenye dharura ana hukumu yake. Uzito huongezeka kadiri jina lako linavyotumika. Mwenye muhuri anadaiwa kwanza. Kilichonigusa katika kisa cha Moscow ni kwamba mzee alitangulia, kisha wadogo wakachagua wenyewe kumfuata, na akawajengea pa kwenda. Hakuwaachia barua ya kishujaa na mishahara iliyokatika. Alifariki Novemba 2006, akiwa ofisini kwake, katika kituo kile kipya.

Na kituo kipya nacho hakikusalimika. Septemba 2016, siku chache kabla ya uchaguzi wa bunge na muda mfupi baada ya kuchapisha kwamba uungwaji mkono wa chama tawala umeshuka, wizara ya sheria ya Urusi ilikiandikisha kuwa wakala wa kigeni. Uchaguzi wa rais wa 2018 ulipofika, kituo kikatangaza kwamba hakitachapisha utafiti wa uchaguzi huo, kwa kuwa sheria ingeweza kukifunga. Naona hapo hukumu ilikuwa ngumu kuliko ya 2003, na siwezi kuwalaumu. Walinyamaza juu ya jambo moja, lakini waliwaambia watu wazi kwamba wamenyamaza na kwa nini. Ghala moja limefungwa, na mlinzi ameandika mlangoni kwamba limefungwa. Hilo ni tofauti kabisa na kuuza pumba ndani ya gunia la mchele.

Haya yanatuhusu sisi wanafunzi kwa njia ya karibu kuliko tunavyodhani. Wengi wetu wakati wa likizo huchukua kazi ya udadisi. Sensa ya 2024 hapa Uganda iliajiri vijana wengi kuhesabu watu, na mashirika huja vyuoni kutafuta vijana wa kuzunguka na tableti. Ukiwa kule kijijini, jua kali, nyumba ya ishirini haina mtu, hakuna waziri wala Kremlin. Kuna wewe na fomu, na kivuli cha mwembe ambacho chini yake fomu tano zinaweza kujazwa kwa nusu saa bila kumuuliza mtu. Anayefanya hivyo kisha akaandika mtandaoni kulaani serikali zinazopotosha takwimu, sijui anamlaani nani.

Ukiitwa kwenye kazi ya aina hiyo, kabla ya kuuliza posho ni kiasi gani kwa siku, muulize msimamizi mambo mawili: nani aliyetunga maswali haya, na nani mwenye neno la mwisho kama majibu yatatoka au hayatatoka. Huenda asijue. Huenda akakuona msumbufu, akampa nafasi mwingine. Kama ni mtu wa kazi, atakutajia jina.